Siku Sita Bila Bwana Afya

Alitembea kama mtu aliyeangusha kitu. Kichwa kimeinama kidogo, mikono nyuma, hatua fupi, na macho hayatoki ukingoni mwa barabara, pale lami inapokwisha na mtaro unapoanza. Watu wengine wa Kariakoo walitazama bidhaa, au walitazama nani anakuja mbele yao. Yeye alitazama maji machafu, na aliyatazama kama mkulima anavyotazama shamba lake: wapi pameota, wapi pamekauka, wapi pameingia mdudu.

Mtaa wote ulimwita Bwana Afya. Mkewe naye alimwita hivyo mbele ya wageni, na nadhani hata walipokuwa wawili. Jina lake nalijua, kwa sababu niliwahi kuliandika kwa mkono wangu kwenye ripoti, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake, na naona si adabu kuanza leo.

Tulikutana naye kwa ajili ya shindano. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, pale Mlimani, na vikundi vya wanafunzi vilitakiwa kila kimoja kichague tatizo moja la mazingira ya mjini, kilipime, kisha kilete ufumbuzi unaoweza kujengwa kwa nguvu na vifaa vya hapahapa nchini. Ilikuwa miaka ya kujitegemea, na hata mashindano yalipimwa kwa kipimo hicho. Kikundi kitakachoshinda, ufumbuzi wake ungejengwa kweli. Sharti jingine lilikuwa kwamba kila kikundi kiwe na mshauri asiye msomi, mtu wa mahali penyewe, ili tusije tukafundisha watu mambo wanayoyajua kuliko sisi.

Tulikuwa watatu. Hamadi alizaliwa Kariakoo, nyumba ya tatu kutoka kwenye mtaro wenyewe, na alikuwa na hakika na kila kitu. Tulia alitoka Songea, na alikuwa na hoja dhidi ya kila kitu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko mzuri, na kwa sababu nilipoulizwa nilishindwa kusema hapana. Hamadi ndiye aliyesema ana mtu, na kesho yake akatupeleka hadi mtaa mmoja nyuma ya soko, ambao kila masika ulijaa maji mpaka watu wakawa wanaingia madukani kwa kukanyaga matofali.

Tulimwamkia. Akaitikia, "Marahaba, wasomi," na badala ya kutuangalia usoni akaangalia miguu yetu.

"Kesho mje na viatu vingine," akasema. Huo ndio ulikuwa usaili wetu.

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikijua kuhusu Bwana Afya ni pua. Alituambia mapema kabisa kwamba wasomi tuna macho ila pua hatuna, na Tulia, ambaye hakubali jambo bila ushahidi, akamfunga macho kwa kanga aliyoazima kwa mama mmoja muuza nyanya, akamwongoza kando ya mtaro huku nusu ya mtaa ikifuata. Alitaja maganda ya muhogo. Alitaja maji ya kuoshea samaki, akaongeza kwamba ni ya jana. Alitaja majivu. Mara moja tu alikosea: alisema mananasi, na kumbe yalikuwa machungwa. Watu wakacheka. Akafungua kanga, akainama, akayatazama yale maganda kwa muda, kisha akasema kwamba hayo machungwa yana kasoro.

Kitu cha pili kilikuwa kitabu. Alikuwa na kitabu cha kuandikia watu makosa, chenye jalada la bluu, na mtaa mzima ulikiogopa. Akisimama mbele ya meza ya mtu, hasemi neno. Anatoa kitabu, anatoa penseli, anailamba ncha. Kabla penseli haijagusa karatasi, mwenye meza ameshainama anaokota. Siku moja alikisahau kitabu juu ya gunia, Tulia akakifungua, na akarudi kwetu na macho yamemtoka. Kurasa zilikuwa karibu zote tupu. Nilijaribu kuelewa maana yake kwa siku kadhaa. Je, huo ulikuwa upole, au ulikuwa uvivu, au aliona kwamba mtu akishaandikwa haogopi tena? Mpaka leo nina majibu matatu na sijachagua.

Aliwakataza watu kufuga kuku uani, kwa sababu za afya, na mwenyewe alikuwa na kuku watatu uani kwake. Ukimuuliza alisema hao ni wageni, wanangoja usafiri wa kwenda kwa shemeji yake Kisarawe. Muda wote niliomjua usafiri haukupatikana. Mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ndiye angepaswa kumsema, alikuwa akipita anawaamkia wale kuku. "Hamjambo wasafiri?" anasema, kisha anaingia ndani kuletewa kahawa.

Na foleni. Siku za sukari kulikuwa na foleni inayozunguka kona, na watu walitaka kumpisha aende mbele. Alikataa katakata, alisema mtumishi wa umma anayepishwa foleni ni kupe kama kupe mwingine. Lakini hakusimama kwenye foleni pia. Alimsimamisha mkewe, na yeye akawa anakagua mtaro wa kando ya foleni, juu chini, juu chini, mpaka mkewe afike dirishani. Hapo ukaguzi ulikwisha na akaja kubeba kikapu. Mkewe aliwahi kutuambia, bila kinyongo, kwamba ameolewa na mtu mwadilifu kwa miguu ya mwenzake.

Kazi aliyotufundisha ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kila asubuhi saa nne tuliingia mtaani pamoja naye. Tulianzia juu, kwenye kona ya fundi cherehani, tukashuka na mtaro. Kila baada ya hatua kumi tuliopoa kilichokuwemo, tukakitia kwenye ndoo yenye matundu ili maji yachuje, tukakipima kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa muuza mchele, na mimi nikaandika. Makumbi ya nazi huku, maganda kule, vikonyo vya mikungu ya ndizi kule. Alitusisitizia neno moja: andika ulichokiona, usiandike ulicho nacho kichwani. Nilipotaka kukadiria, aliniambia niingize mkono.

Tulifanya hivyo majuma mawili. Na kila siku mizani ilisema jambo lilelile: uchafu ulikuwa kidogo mno. Tulia alishangaa. Hamadi hakushangaa. Alisema inaonyesha wazi kwamba mtaro hauzibwi na taka, ila ni mwembamba na mteremko wake ni mdogo. Ufumbuzi basi ni kuupanua na kuufunika kwa mifuniko ya zege. Saruji siku hizo ilikuwa ukiisikia imefika mahali unakwenda mbio, lakini Hamadi alisema hilo ni tatizo la wajenzi. Akachora michoro mizuri.

Bwana Afya aliomba nakala ya jedwali. Nilimwandikia kwa wino, kwa mwandiko wangu wa sherehe, na yeye akaibandika ofisini kwake juu ya meza. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinamsumbua, kwa sababu alinieleza mwenyewe, akijifanya anaelezea habari za mtu mwingine. Ofisini kulikuwa na mkubwa mpya, kijana, aliyesema kwamba wazee waliokaa mtaa mmoja muda mrefu wamechoka, wahamishwe wapewe kazi za mezani. Bwana Afya alibakiza miaka miwili astaafu. Alitaka aimalizie pale. Jedwali letu lilionyesha mtaa wake ni safi kuliko mtu yeyote alivyodhani, na lilipimwa na watu wa chuo. Kila aliyeingia ofisini alisomewa.

Jumamosi moja, zikiwa zimebaki kama wiki mbili tuwasilishe, nilikwenda kuchukua gauni langu kwa fundi cherehani. Nilikuwa peke yangu, na ilikuwa saa kumi na moja jioni. Pale jirani aliketi Bi Zuhura, muuza ndizi, mama mnene mchangamfu ambaye kila asubuhi tulipopita alitupa ndizi mbili mbili. Nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia nyuma yangu.

"Mwenzenu yuko wapi?"

"Nani, Bi Zuhura?"

"Bwana Afya. Hukuja naye? Haya, nipishe basi, mwanangu."

Nikampisha. Akainua beseni lililojaa maganda na vikonyo, akalimwaga lote mtaroni. Kisha nikaona mtaa mzima unafanya vivyo hivyo, meza kwa meza, bila haraka na bila kujificha, kama watu wanaofunga milango jioni. Maji ya mtaro yakapanda palepale mbele ya macho yangu.

Sikuwa na ujasiri wa kuuliza vizuri. Nadhani nilisema tu kwamba asubuhi huwa hakuna kitu. Bi Zuhura akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba zamani Bwana Afya alipita saa yoyote ya asubuhi au mchana, na walijua kukimbizana naye kidogo. Lakini tangu tulipoanza kuja naye, walikubaliana. Kila alfajiri wanaopoa yote yaliyomwagwa jioni, wanayatia kwenye magunia, wanayaficha chini ya meza mpaka tumalize kupita. Tukishakwenda wanayarudisha. Hakuna mahali pengine pa kuyapeleka.

"Lakini kwa nini?" nikamuuliza. "Mnaogopa kuandikwa?"

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyekosa malezi.

"Mgeni akija kwenu hamfagii? Nyinyi ni wageni. Mwenyeji wenu ni yeye. Tumwache mzee wa watu aaibike mbele ya watoto wa chuo?"

Nilirudi bwenini kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu basi lilipokuja sikuliona. Majuma mawili tulikuwa tumepima heshima. Kila namba niliyoiandika ilikuwa kweli, niliiona kwa macho na niliigusa kwa mkono, na hakuna hata moja iliyokuwa na maana.

Niliwaambia wenzangu kesho yake. Hamadi, ambaye ndiye mwenyeji wa mtaa ule, aliikunja michoro yake na kuikunjua tena, na hilo lilinionyesha kwamba hakujua na kwamba alijiona angepaswa kujua. Kisha akasema tuache. Michoro imekamilika, siku zimekwisha, na mtaro kweli ni mwembamba. Tulia akasema hatuwezi kujenga zege juu ya magunia. Walibishana mpaka wakachoka, na walipochoka wote wawili wakaniangalia. Mimi ndiye niliyeona. Mimi ndiye niliyeandika lile jedwali lililobandikwa. Kwa hiyo mimi ndiye wa kumwambia.

Nilichukua siku nne. Siku ya kwanza nilijiambia labda ile Jumamosi ilikuwa ya pekee. Siku ya pili nilijiambia labda anajua. Siku ya tatu nilifika mpaka mlangoni pa ofisi yake, nikasikia anamsomea mtu jedwali, nikarudi. Siku ya nne tulikaa kwenye hoteli ndogo ya chai karibu na soko, yeye na mimi, na nilimwambia kabla chai haijaja, kwa sababu nilijua ikija nitaanza kuikoroga.

Sikumtaja Bi Zuhura. Nilisema tu nimeona.

"Umeona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

Akageuza kichwa akatazama barabarani. Chai ikaja, hakuigusa. Baadaye akasema, polepole, kwamba saa hiyo huwa yuko msikitini kwa alasiri ya kuchelewa, na kutoka hapo hurudi nyumbani. Alikuwa na miaka mingi pale, akasema, na saa hiyo hajawahi kupita hata siku moja. Aliirudia hiyo "hata siku moja" kama mtu anayeangalia mfukoni mara ya pili.

Nilimweleza sababu ya magunia, nikidhani itamfariji kwamba walifanya kwa kumpenda. Haikumfariji. Niliona masikio yake yamebadilika rangi. Nadhani angependa zaidi wawe walimwogopa.

Tulikaa. Nilikuwa najiandaa kusema kwamba si lazima, kwamba tunaweza kuacha, kwamba Hamadi ana michoro. Akaniwahi.

"Pimeni upya," akasema. "Mimi nitakaa nyumbani. Na nyinyi msiende saa nne. Nendeni jioni, mmoja mmoja, na vikapu, kama watu."

"Siku ngapi?"

"Siku sita." Akainuka, kisha akakumbuka, akainywa ile chai yote akiwa amesimama.

Siku sita zile Kariakoo iliamini kwamba Bwana Afya anaumwa. Ofisini alituma ujumbe kwamba anaumwa mgongo. Siku ya tatu mimi na Tulia tulikwenda kumjulia hali, maana tulikuwa tukitamani kicheko. Tulimkuta barazani, sare ya kaki imepigwa pasi, viatu vimefungwa, na kuzunguka kiti chake kuna madafu, mapapai, kikapu cha mihogo na birika mbili za uji. Watu wa mtaa walikuwa wanakuja tangu asubuhi. Mmoja alikuwa amependekeza waite watu wamsomee dua.

"Yule kaleta uji," alitunong'oneza kwa hasira. "Uji. Na lazima ninywe, yuko pale mlangoni ananiangalia."

Mkewe alitupeleka uani, kwa wale wasafiri wa Kisarawe, akatuambia kwamba tangu waoane hajawahi kuwa na mume saa nne asubuhi na hajui amweke wapi. Mzee amekwisha kukagua jiko mara mbili. Amemwambia mfuniko wa mtungi haukai sawasawa. Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo jingine: kwamba kila asubuhi mumewe anavaa, anafika mpaka kwenye kizingiti, anasimama pale na mikono nyuma, kisha anarudi kukaa. Habari za mtaro hatukumpa, na yeye Bwana Afya hakutuuliza. Aliona ndoo ile yenye matundu mkononi mwa Tulia. Aliitazama, akahamisha macho.

Mtaro bila yeye ulikuwa kitu kingine kabisa. Kwa sababu hakupita tena asubuhi, hakuna aliyeopoa. Siku ya nne mizani ya muuza mchele ilishuka mpaka mwisho, ikabidi tupime nusu nusu. Siku ya tano kulinyesha mvua fupi, isiyofikia hata kulowesha shati, na maji yakapanda juu ya ukingo. Tatizo halikuwa upana wala mteremko. Watu walikuwa na taka saa kumi na moja, na saa hiyo hapakuwa na pa kuziweka. Tukafuta zege. Tukaandika mapipa matano na mkokoteni mmoja, upite saa kumi na moja kila siku, uvutwe kwa zamu za nyumba kumi. Hamadi aliichana michoro yake mwenyewe. Alifanya hivyo vizuri, bila kumlaumu mtu, na nilimpenda kwa hilo.

Siku ya shindano Bwana Afya alikuja Mlimani kwa basi. Alikaa safu ya mbele, kofia magotini. Tulikuwa tumekubaliana kuonyesha jedwali la pili tu na kutosema neno juu ya la kwanza, kwa ajili yake. Hamadi alisoma vizuri. Kisha mmoja wa waamuzi, mtu wa miwani, akauliza swali ambalo nilikuwa nimeliota kila usiku: je, mtaa huo hauna bwana afya?

Hamadi akapekua karatasi zake. Tulia akaniangalia. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

"Yupo," ikasema sauti kutoka mbele. "Ni mimi."

Alikuwa amesimama. Aliomba ruhusa ya kuongeza jambo, akapewa. Akatoa mfukoni lile jedwali langu la wino, lililobanduliwa ukutani, pembe zake zikiwa bado na gundi, akalikunjua.

"Haya ni majedwali mawili ya mtaa mmoja," akasema. "Hili ni la siku nilizokuwepo. Hilo lao ni la siku ambazo sikuwepo. Kama mnataka kujenga, jengeni kwa hilo lao. Mimi siwezi kuwepo siku zote."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma ya ukumbi akaanza kupiga makofi, nikatamani asingepiga.

Tulipata nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa kikundi kilichotengeneza jiko la kuchomea pumba za mbao, na kwa haki lilikuwa jiko zuri. Lakini watu wa jiji waliichukua ripoti yetu, na tukaambiwa mapipa yatawekwa. Miezi miwili baadaye Bwana Afya alihamishiwa Buguruni, kazi ya mezani. Hamadi alisema ni uhamisho wa kawaida. Tulia alisema ni ile ripoti.

Sikwenda kumwona. Ni vizuri niseme hivyo bila kuzunguka. Nilipanga mara tatu. Mara moja nilishuka Buguruni, nikasimama kati ya mafundi magari na wauza maembe, nikapanga salamu yangu, nikaipangua, nikapanda basi la kurudi. Na mtaa ule wa Kariakoo sikuukanyaga tena. Nilipomaliza masomo nilipata kazi ofisini, Posta, na kila jioni nilivuka Mnazi Mmoja kwenda nyumbani, nikipitia upande usioelekea sokoni.

Wiki tatu zilizopita nilimwona. Ilikuwa jioni, ameketi Mnazi Mmoja kwenye benchi la zege, amevaa kanzu, ameshastaafu. Kwanza nilifikiri nipite nyuma. Lakini alikuwa ameniona. Alianza kwa kuona viatu vyangu.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Msomi wa mwandiko." Akatabasamu. Tukaulizana hali, ya mkewe, ya Hamadi, ya Tulia aliyerudi kufundisha Songea. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa zaidi ya miaka miwili, yenye utangulizi na sababu. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Walikuhamisha kwa sababu ya ripoti yetu?"

"Ndiyo," akasema.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Yule mkubwa kijana alimwekea mbele jedwali la pili, akamuuliza miaka yote ile alikuwa anafanya nini pale. Akasema alikuwa na jibu, ila lilikuwa refu, na mkubwa alikuwa anaangalia saa. Buguruni alipewa meza nzuri tu. Lakini meza, akasema, haiendi popote.

Nikamwomba msamaha.

"Kwa lipi? Kwa kuona?" Akaiweka sawa kanzu yake. "Iliniuma, mwanangu. Nisikudanganye. Iliniuma sana."

Watu walikuwa wanapita mbele yetu wakitoka makazini. Kisha akaniuliza kama yale mapipa yaliwekwa.

Nikasema sijui.

"Unapita hapa kila siku na hujui?"

"Naogopa kwenda."

"Mimi siogopi," akasema. "Lakini mimi nikienda hakuna nitakachokiona. Wataanza kunikaribisha." Akaangalia jua, akakadiria. "Inakaribia saa kumi na moja. Nenda. Nitakaa hapahapa."

Nilikwenda. Nilianzia juu, kwenye kona ya fundi cherehani. Mapipa yalikuwepo matatu kati ya matano. Moja lilikuwa limetoboka chini na maji meusi yanachuruzika. Wakati nimesimama pale mkokoteni ukaja, unavutwa na wanaume wawili wanaobishana ni zamu ya nani, na Bi Zuhura, aliyekonda kidogo, akainua beseni lake akalimwaga ndani ya pipa. Hakugeuka kuona nani anamtazama. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mtaroni maji yalikuwa yanakwenda. Lakini hapo kwenye kona kulikuwa na makumbi ya nazi yaliyojikusanya, na nyuma yake maji yamesimama, ya kijani, ya siku nyingi.

Nilirudi taratibu. Njiani nilianza kuipanga taarifa. Mapipa yapo, ningesema. Mkokoteni unapita. Maji yanakwenda. Yote yalikuwa kweli, na mzee angelala vizuri. Nilikuwa nimevuka barabara kabla sijagundua kwamba makumbi ya ile kona nimekwisha kuyatia, kichwani mwangu, kwenye gunia na gunia nimelisukuma chini ya meza, na kwamba nilifanya hivyo kwa kumpenda.

Aliniona nakuja, akaweka mikono magotini.

"Mapipa ni matatu," nikamwambia nikiwa nimesimama. "Moja limetoboka. Mkokoteni umepita, nimeuona. Maji yanakwenda, ila kwenye kona ya fundi cherehani yamesimama. Kuna makumbi."

Niliangalia uso wake nikitafuta kama nimemuumiza, na sikuona nilichokuwa natafuta. Alisogea upande mmoja wa benchi akafuta vumbi pale alipotoka kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Anza upya, polepole. Ulipoingia tu mtaani, uliona nini?"

Nikakaa, nikaanza na ile kona.